Uzi: Simu ni ya maana, mbona picha za familia zinatoka ovyo?

#1 Mama_Wawili_Lanet
Habari za jioni wadau. Nina simu ambayo dukani niliambiwa kamera yake ni megapikseli 50. Nikipiga ua linatoka safi, nikipiga samaki na ugali ndiyo usiseme. Nikigeuzia watu wangu, balaa. Tulikuwa na sherehe nyumbani, ukoo mzima, kuanzia shosho hadi mtoto wa miezi minne. Macho ya shosho hayaonekani, ni vivuli viwili. Mtoto aliyevishwa nyeupe amengʼaa hadi pua imepotea. Mume wangu, ambaye ni mweusi wa kwelikweli, amebaki meno na kola ya shati. Halafu wote wamekauka kama samaki wa Dunga. Kaka yangu anasema ninunue kamera kubwa. Mume anasema shida ni mkono wangu. Mimi nasema ni simu. Nani ana ukweli?

#2 Ingokho_Tamu
Mume. Uzi ufungwe.

#3 Fundi_Picha_58
Tusilaumiane kabla hatujajua. Mama Wawili, mlipiga saa ngapi, na jua lilikuwa limekaa wapi?

#4 Mama_Wawili_Lanet
Saa saba hivi, tukishamaliza kula. Walisimama mbele ya nyumba, ukuta ni mweupe, jua liko juu ya vichwa. Wengine walikataa kutoka kwenye tenti. Hao ndio wametoka kijani.

#5 Fundi_Picha_58
Basi umejijibu. Jua la saa saba linashuka wima. Paji la uso linapata mwanga, macho yanabaki chini ya kivuli cha nyusi. Hapo hakuna simu wala kamera ya kuokoa mtu.

Ukuta mweupe nao ni shida ya pili. Kamera haijui shosho ni nani. Inapima mwanga wote unaoingia, kisha inajaribu kuuweka katikati, kwenye kijivu. Ikikuta ukuta mweupe umejaa fremu inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na ikipunguza inapunguza kila kitu pamoja na uso wa mzee wako. Ndiyo maana ua na samaki vinatoka vizuri: ukivipiga unakaribia, vinajaza fremu, kamera inapima kile unachotaka.

Siku nyingine gusa kwenye kioo uso wa mtu aliye mweusi kuliko wote. Kijialama cha jua kikitokea, kisukume juu pole pole mpaka mashavu yapate nuru. Ukuta utapotea, wacha upotee, hakuna aliyekuja kuangalia ukuta.

Tenti: kitambaa cha kijani kinachuja mwanga na rangi yake inawashukia watu. Tenti nyeupe tupu ni studio ya bure. Ukikodi tena, ulizia nyeupe.

#6 Omena_Kavu
Fundi umesema vizuri lakini umeruka chanzo. Hizi mashine hazikutengenezwa zikitufikiria sisi. Enzi za filamu, Kodak walikuwa wanapelekea maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo ikawa kipimo. Na waliolalamika wakasikilizwa walikuwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, maana mbao za rangi nzito na za rangi hafifu, chokoleti ya maziwa na chokoleti nyeusi, zilikuwa zinatoka rangi moja. Kabati lilitetewa kabla yetu. Kwa hiyo mama wa watu asionewe, mkono wake hauna kosa.

#7 Mwalimu_Mstaafu_Maseno
Omena, hayo ni ya filamu ya rangi. Simu haina filamu. Marehemu baba ana picha ya studio ya Kisumu, nyeusi na nyeupe, naye alikuwa mweusi kuliko mume wa huyu dada bila shaka yoyote. Unaona kovu la shavuni, unahesabu mikunjo ya tai. Mpiga picha aliweka taa moja ubavuni, basi. Hakuwa na Shirley wala binamu yake.

Nyongeza kwa Fundi. Huku kwetu jua haliwi utosini saa sita kamili. Saa ya Kenya inafuata mstari wa digrii 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Kisumu iko karibu digrii 35. Kila digrii moja ni dakika nne. Kwa hiyo Kisumu jua linafika juu kabisa kwenye saa sita na dakika 40, Nakuru kama 35, linasogea kidogo kulingana na mwezi. Ile saa saba ya Mama Wawili ilikuwa ndiyo utosi wenyewe.

#8 Omena_Kavu
Mwalimu, simu haina filamu lakini ina programu, na programu imefundishwa kwa picha. Picha za nani? Mwaka 2021 Google walipotoa simu ya Pixel 6 walikuja na kitu wakakiita Real Tone, kazi yake ni kuonyesha ngozi nyeusi ilivyo. Mtu hakarabati kisichoharibika.

#9 Boda_wa_Ahero
Real Tone wala nini. Futeni lenzi! Hapa stejini watu wananipa simu zao niwapige picha kila siku, na kila lenzi ina mafuta ya mandazi. Taa ikipiga hapo, picha nzima inakuwa ukungu. Fulana ya pamba, puliza pumzi kidogo, futa. Bei yake sufuri.

#10 Mama_Wawili_Lanet
Nimefuta sasa hivi na kitambaa kimetoka na weusi, aibu. Lakini Boda, mafuta ya mandazi hayaelezi kwa nini watu wamekauka.

#11 Senge_wa_Kakamega
Wamekauka kwa sababu umewaambia wasimame vizuri. Mtu mzima akiambiwa "simama vizuri" anashusha mikono, anabana midomo, anangoja. Mimi kukhu, yaani bibi yangu, nampa ungo wa kunde. Anachambua, vidole vinajua kazi vyenyewe, anaanza kuwasema wakwe zake, hapo ndipo napiga. Nina moja ameshika jani moja la kunde hewani, anamwonyesha mjukuu kwamba hili lina wadudu, mjukuu amekunja pua. Dirisha liko upande wake wa kushoto, taa ya dari nimezima. Ni simu ya kawaida tu hiyo.

#12 Guka_wa_Njoro
Senge, wewe unapiga picha zako, si za kukhu. Muulize mwenyewe kama anataka kukumbukwa akiwa na kunde. Shosho wa kwangu akisikia picha anaingia ndani, anatoka na kitambaa kipya kichwani, viatu vya kanisani na mkoba anauweka mapajani. Hacheki. Hataki kucheka. Hiyo ndiyo picha, na ikisafishwa inawekwa kwenye fremu, inaningʼinizwa juu kabisa karibu na dari ikiwa imeinama mbele iwatazame wageni. Ya kunde utaiweka wapi?

#13 Ingokho_Tamu
Kwenye friji.

Ila mimi nilisikia wazee hawacheki kwa sababu kamera za zamani zilichukua dakika nzima, ukicheka unachoka.

#14 Mwalimu_Mstaafu_Maseno
Ingokho, kamera za miaka ya 1840 ndiyo. Studio za miaka ya 60 hapa zilikuwa na kasi ya kumnasa mtoto anayekimbia. Kilichokausha watu ni pesa. Filamu aina ya 120, kwenye zile kamera za picha za mraba, ilitoa picha 12 tu. Mpiga picha hakupotezei mbili ukipepesa. Unakaa sawa, unashika pumzi, mnamaliza. Wazazi wakatufundisha hivyo na sisi tukawafundisha hawa.

#15 Guka_wa_Njoro
Si pesa, Mwalimu. Ni adabu. Chifu alikuwa na pesa na hakucheka.

#16 Nesi_wa_Zamu_Kisumu
Nimetoka zamu nikakuta uzi umefika kwa chifu, haya. Kwa kuwa kupepesa kumetajwa: kuna wataalamu wawili wa Australia waliopiga hesabu ya picha ngapi upige ili angalau moja macho yote yawe wazi. Wakapewa tuzo ya Ig Nobel mwaka 2006, ile ya utafiti unaochekesha kwanza halafu unafikirisha. Kundi likiwa chini ya watu 20, gawanya idadi kwa tatu kama mwanga ni mzuri, kwa mbili kama ni mbaya. Watu 18 nje kwenye mwanga safi, picha sita. Sebuleni jioni, tisa. Siku hizi picha ni bure, Mama Wawili, shikilia kidude hadi zitoke mfululizo.

#17 Ingokho_Tamu
Hao Waaustralia hawajapiga picha na mjomba aliyetoka kwenye busaa. Huyo gawanya kwa sufuri.

#18 Nesi_wa_Zamu_Kisumu
😂 Wala na mtoto wa miaka miwili. Kwa mtoto, mimi hukaa chini sakafuni, simu usawa wa macho yake. Ukimpiga ukiwa umesimama unapata utosi na kidevu cha aibu. Na ndani ya nyumba lazima awe karibu na mlango, la sivyo akirusha mkono unatoka ukungu, kwa sababu kukiwa na giza kamera inafungua jicho muda mrefu zaidi.

#19 Binti_wa_Dunga
Naongeza kisa. Harusi ya binamu tulikuwa wengi, nikabonyeza ile 0.5, lenzi pana ya simu, ili wote waingie. Shangazi alikuwa pembeni kabisa. Picha ilipofika kwenye kundi la familia alinipigia simu asubuhi na mapema kuniuliza kwa nini nimemnenepesha mbele ya wakwe. Tangu hapo shangazi wote wanakaa katikati, vijana wembamba pembeni. Lenzi pana inaongeza pua pia, jihadharini na selfi.

#20 Fundi_Picha_58
Kwa shangazi uko sawa, lenzi pana inavuta kilicho ukingoni. Kwa pua sikubaliani nawe. Pua haikuzwi na lenzi, ni umbali. Ukisimama karibu na uso, pua iko karibu nawe kuliko masikio kwa sehemu kubwa, inatawala. Rudi nyuma hatua tatu halafu vuta kwa 2x, pua inarudi kwa mwenyewe. Hata lenzi pana, ukirudi nyuma kisha ukakata picha katikati, uso ni uleule.

#21 Binti_wa_Dunga
Sawa Fundi. Shangazi lakini hasikii fizikia.

#22 Mkono_wa_Birika
Mnazunguka. Fundi #5 amempotosha huyu mama. Ukigusa uso wa baba ukapandisha mwanga, mtoto wa nguo nyeupe anaungua kabisa, na kilichoungua hakirudi, hakuna kitu kilichohifadhiwa pale. Afadhali upige picha yenye giza kidogo, nyeupe ibaki na nyuzi zake, halafu nyumbani uinue vivuli kwenye programu ya kuhariri. Kwenye giza kuna kitu kimejificha. Kwenye nyeupe iliyoungua hakuna.

#23 Fundi_Picha_58
Mkono wa Birika, hiyo ni kweli kwa kamera inayohifadhi picha mbichi, yaani RAW, kabla haijabanwa. Kwenye picha ya kawaida ya simu ukiinua vivuli vya ngozi nyeusi unapata chenga na rangi ya majivu. Mimi nimesafisha picha za harusi za watu miaka mingi, mteja hajawahi kurudisha picha kwa sababu gauni halina nyuzi. Anarudisha kwa sababu uso wake haumo.

#24 Mkono_wa_Birika
Bibi harusi aliyelipa gauni anarudisha, wewe subiri.

#25 Mhasibu_Milimani
Mmoja wenu angemwambia kuhusu hizo 50. Simu nyingi za hivyo zinaunganisha nukta nne kuwa moja, kwa hiyo picha unayopata ni megapikseli 12 na nusu. Wala hiyo si hasara. Picha ya inchi 6 kwa 4 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji 1800 mara 1200, yaani megapikseli 2 na kitu. Zilizobaki za nini? Halafu unaituma WhatsApp, inabanwa, anayepokea anaibeba studio kuchapa na kulaumu studio. Tumeni kama hati.

#26 Mama_Wawili_Lanet
Asanteni sana, naandika yote. Sasa swali la kaka yangu. Amepata mtu anayeuza kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 50, f/1.8, yaani tundu lake la mwanga linafunguka sana. Anasema hiyo inatia ukungu nyuma kama za majarida. Nichukue?

#27 Omena_Kavu
Chukua. Kihisi, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, kikiwa kikubwa kinakusanya mwanga zaidi, ngozi inatoka na rangi yake. Na hakuna programu inayojifanya inakujua uso.

#28 Fundi_Picha_58
Pole pole. Muulize kaka kihisi ni cha ukubwa gani. Kamera nyingi za mtumba zina kihisi kidogo, lenzi ya 50 inabana inakuwa kama 75 au 80. Mtoto mmoja uani, tamu sana. Ukoo mzima sebuleni, utarudi nyuma hadi ugonge kabati la vyombo na bado mjomba hayumo. Na f/1.8 kwa safu mbili za watu usijaribu: mbele wako wazi, nyuma ni maziwa. Punguza tundu, weka f/5.6 au f/8, kasi isishuke chini ya 1/125 ya sekunde.

#29 Boda_wa_Ahero
Kwa hiyo anunue kamera, halafu anunue lenzi nyingine, halafu lenzi nayo afute. Nilisema.

#30 Senge_wa_Kakamega
Na kamera kubwa inaongeza kukauka. Simu kukhu ameizoea. Ukitoa lile bomba jeusi anauliza kama mmetoka kwa televisheni.

#31 Mama_Wawili_Lanet
Kwa sasa nitabaki na simu. Lakini wageni wanakuja mchana, siwezi kuwaambia warudi jioni. Niwasimamishe wapi?

#32 Mwalimu_Mstaafu_Maseno
Kuanzia saa tisa, upande wa mashariki wa nyumba una kivuli. Wasimame ndani ya kivuli, karibu na ukingo wake, nyuso zikitazama uwanja ulio wazi. Mwanga wa mbingu unawafikia mbele, macho yanafunguka. Sakafu ya nje kama ni saruji nyeupe, bora zaidi, inarudisha mwanga chini ya videvu. Nyasi zinarudisha kijani. Mwembe pia, na mwembe una madoa ya jua yanayopenya majani, mtu anatoka na madoa ya chui.

#33 Nesi_wa_Zamu_Kisumu
Au mtu ashike shuka jeupe chini ya fremu. Tunazo, zimepigwa pasi.

#34 Guka_wa_Njoro
Au ngoja wingu. Wingu halina gharama na halikatai.

#35 Senge_wa_Kakamega
Guka, njoo Kakamega uone wingu la saa kumi linavyofuatana na mvua. Utapiga picha ya watu wakikimbia na viti.

#36 Binti_wa_Dunga
Wangoje jioni tu jamani. Mwanga wa dhahabu ufukweni, ziwa linarudisha nuru usoni. Tatizo ni kwamba unaisha ukiwa bado unapanga watoto.

#37 Mwalimu_Mstaafu_Maseno
Ni kwa sababu ya ikweta. Jua linashuka wima, digrii 15 kwa saa, kwa hiyo una kama dakika 40 hivi halafu giza. Ulaya wakati wa kiangazi linashuka kwa mshazari, wanapiga hadi wachoke. Faida yetu ni moja: Kisumu linazama kama dakika 20 baada ya Mombasa. Hapa ni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, kutegemea mwezi.

#38 Mhasibu_Milimani
Nakuru mnaweza kwenda ziwani pia. Flamingo nyuma, familia mbele.

#39 Fundi_Picha_58
Flamingo gani? Maji ya ziwa yalipopanda wengi walihamia Ziwa Bogoria. Utapata pelikani, na nyani akipora mkate wa watoto. Hiyo nayo ni picha, si haba.

#40 Mhasibu_Milimani
Si wamerudi?

#41 Ingokho_Tamu
Wanarudi kama wakopaji, kwa msimu. Turudi kwa mume. Mama Wawili, kwenye zile picha zote wewe uko wapi?

#42 Mama_Wawili_Lanet
Sipo. Kuna moja ya kivuli changu kwenye nyasi.

#43 Nesi_wa_Zamu_Kisumu
Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza kurekebishwa. Weka saa ya sekunde 10, simu iegemee mtungi au iwekwe juu ya kiti cha plastiki kilichobebeshwa kingine. Baadhi ya simu ukiinua kiganja inahesabu yenyewe. Mtu mwingine akiipiga, mpangie fremu wewe, mwambie abonyeze tu bila kusogea.

#44 Mama_Wawili_Lanet
Nitamwachia shemeji, mume wa dada. Ana mkono mtulivu.

#45 Senge_wa_Kakamega
Shemeji apige picha mama mkwe wake akiwa amekaa mbele? Kwetu mkwe hasogelei hivyo, achilia mbali kumwelekezea jicho la kamera na kumwambia ageuze kidevu. Hata kusimama safu moja lazima mtu akae katikati yao.

#46 Guka_wa_Njoro
Kwetu Njoro anasimama popote, mradi mbuzi walifika.

#47 Omena_Kavu
Hata sisi zamani ilikuwa hivyo, mkwe na mama mkwe kila mmoja upande wake. Siku hizi kuna simu za video, mipaka imelegea.

#48 Senge_wa_Kakamega
Haijalegea kwa kukhu. Mwaka jana alifunika uso na leso hadi kijana akampa mtoto simu.

#49 Mkono_wa_Birika
Leso rangi gani? Kama ni nyeupe iliungua.

#50 Binti_wa_Dunga
Mkono wa Birika, lala. Mimi nauliza swali la maana: mkwe akitumia ile ya kuhesabu sekunde, halafu akimbie aje asimame pembeni kabisa kwenye ukingo wa 0.5, hiyo ni mwiko au ni unene tu?